Matundu Juu ya Dirisha

Ni nini kilichokuwa kikikaa chumbani mwa mama? Swali hilo lilinirudia juzi huko mtaani Free Area, nilipomsikia binamu yangu akimwambia fundi anayemjengea, "Ziba hayo matundu juu ya dirisha, boss. Baridi ya hapa si mchezo."

Nyumba yetu ya zamani, mtaani Rhonda, ilikuwa na matundu kama hayo. Mama alipojifungua, nyanya aliyaziba kwa magunia, akaweka jiko la makaa kando ya kitanda. Alikuwa mwangalifu. Alilipepea nje kwanza, mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu kabisa. Chumba kilinukia maziwa na magunia yaliyoloa mvua.

Alasiri moja nilimwita mama, hakuitika. Nyanya akapiga nduru. Pasta jirani yetu alikuja mbio, akafungua mlango na dirisha.

"Wacheni wazi, pepo apate pa kutokea," alisema, kisha akaomba kwa sauti iliyoshinda mvua kwenye mabati. Mama akafumbua macho. Mdogo wangu mchanga, aliyelala kando yake, hakuamka.

"Ametoka," nyanya alininong'oneza, "lakini hakutoka mikono mitupu."

Kwa miaka mingi nililala nikiuangalia mlango ule. Nikiwa chuo kikuu ndipo nilipojua kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kwamba kilichomwamsha mama ni mlango uliofunguliwa.