Maziwa Hayatibu Mazuku

Nakumbuka asubuhi moja kama hii, mwanangu, na utanisikiliza tukingoja pikipiki ya kutupeleka kwa daktari. Weka chini hicho kikombe cha maziwa! Umeshuka bondeni kukata majani ya sungura, umeanguka, umeamka, kisha unaniambia kichwa kilizunguka kidogo tu? Nina hasira nawe, na sifichi.

Kaka yangu Bahati naye alisema kidogo tu. Tulikuwa vijana, yaani wajinga wenye miguu mizuri. Mama alikwisha kutuonya: kabla upepo haujaamka, mazuku hulala mabondeni, hewa mbaya isiyo na harufu, inayofukuza hewa nzuri. Ukiona ndege amekufa kwenye majani, rudi. Ndege tulimwona sote wawili. Lakini majani ya pale yalikuwa mabichi, Bahati akashuka, akainama, akaanguka. Nikabana pumzi, nikamvuta juu kwa kitenge changu. Akafumbua macho, akacheka.

"Niko muzima. Usiambie mama."

Nami nikanyamaza! Nikafanya tunavyofanya hapa Goma kwa kila sumu: nikampa maziwa, nikamlaza. Kesho yake alikuwa anahema, na hali amekaa tu. Ndipo nikamwambia mama ukweli, tukambeba hadi kwa Papa Muhindo, muuguzi mzee wa mtaa wetu. Alinifokea mbele ya watu.

"Muliona ameamuka, mukasema amepona? Mutu akikosa hewa, mishipa midogo ya damu inavimba, inavuja maji mu mapafu. Hata akirudi mu hewa muzuri, ile kuvimba inaendelea! Maziwa inaenda mu tumbo, mama. Huyu alihitaji oksijeni tangu jana."

Jioni haikumkuta. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wazee. Mimi ndiye niliyeficha, na aliyezikwa ni yeye. Tangu siku hiyo nimemkasirikia kila anayesema kidogo tu, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Basi shika haya. Ukiona mdudu au ndege amekufa bondeni, usishuke, hata sungura wakilala njaa. Mtu akianguka huko na kuamka, usimpongeze, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na usinifiche kitu.

Pikipiki hiyo, panda katikati, nikushike. Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, uzeeke, uwagombeze wajukuu wako kama ninavyokugombeza leo.