Siku Niliyomvalisha Kaka Buti za Theluji

Sijamsamehe kaka yangu wa nyumba kubwa, na sitaki mtu aniombee nimsamehe. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa wa pili, na kwenye mji wetu, hapa Nyabusozi, wa pili hupewa kilichobaki. Nilipokuwa darasa la tano kaka alichukua viatu vyangu vya shule, akaenda navyo harusini, akavirudisha vimepasuka. Siku ya tatu baada ya kumzika baba alichukua koti, redio na baiskeli. Kisha akalitaka shamba la mama.

Shamba lenyewe liko kilimani, maharage chini na mibuni juu. Kaka, ambaye sasa alikuwa mtu wa Lusahunga, mwenye duka na kitambi, alidai kwamba mpaka wa mama unaishia katikati ya kilima, na mibuni yote ni ya nyumba kubwa. Bila mibuni ile mama angebaki na maharage ya kula tu.

Mwenyekiti wa kitongoji akapanga siku. Kwetu mpaka hauonyeshwi kwa mdomo. Unapanda mbele ya wazee, unaweka mkono juu ya kila mlamula, mti unaopandwa kwenye mipaka, na ukishaushika wa mwisho maneno yamekwisha. Mkubwa ndiye hutangulia. Akishindwa kufika, mdogo anaendelea.

Mimi nauza viatu vya mitumba gulioni Benaco. Mwaka ule nilikuta ndani ya belo buti za plastiki, ngumu kama ndoo, kila moja na vishikizo vinne na kijiti cha chuma nyuma ya kisigino. Hakuna aliyezitaka. Mzungu mmoja aliyekuwa akipita kwa baiskeli kuelekea Rusumo alizishika akacheka kwa furaha. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alinieleza kwamba kwao watu hupanda milima ya theluji kwa ubao uliogawanyika, kipande kila mguu. Wakifika kileleni wanaviunganisha na kuteleza hadi chini. Wengi huvaa buti laini, alisema, lakini yeye hazitaki, kwa sababu zinalegea ukipita ubavuni mwa mlima. Akanionyesha kile kijiti. Ukikiinua, kifundo cha mguu kinakuwa huru, unapanda. Ukikishusha, mguu unafungwa ukiwa umeinamia mbele, tayari kwa kuteleza.

"Usipande kabla hujainua," akasema. "Utalia."

Nilizivaa masika yote kupandia shamba la mama na sikuteleza hata mara moja.

Siku ya mpaka mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kaka alifika na viatu vya ngozi vyenye ncha, akapiga hatua tatu, akakaa kwenye matope. Wazee wakatazama pembeni. Yeye akanitazama miguuni.

"Bwana mdogo, vua hizo."

Hakuniomba. Hajawahi kuniomba kitu. Nikavua, nikapiga goti, nikamvalisha kwa adabu kama navalisha bwana harusi. Nikabana vishikizo vyote vinane. Mwenyekiti akafurahi, akasema, "Ndugu ni ndugu." Nami nikashusha kijiti cha kulia, kisha cha kushoto.

"Mbona zinabana?"

"Ndivyo zilivyo, kaka. Za Ulaya hizo."

Akapanda. Mlamula wa kwanza akaushika. Wa pili akaushika akihema, magoti yamekunjika mbele, visigino vikining'inia, anarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Kila alipogumia nilisikia raha mwili mzima. Kuzivua hakuthubutu, maana nyayo zake zilishasahau mawe. Kabla ya mlamula wa tatu, ule wa katikati ya kilima aliotaka uwe wa mwisho, aliketi chini, na wazee walipochoka kumsubiri, mwenyekiti akasema, "Mdogo aendelee."

Nikampita nikiwa peku, wazee wakinifuata. Mlamula wa tatu nikaushika. Juu kabisa ipo miwili: mmoja mwishoni mwa mibuni ya mama, na mwingine hatua ishirini mbele, katikati ya mibuni ya nyumba kubwa. Wa mama ni ule wa karibu. Nimeujua tangu utotoni. Niliupita bila kuuangalia, nikaenda moja kwa moja hadi wa mbele, nikauwekea mkono.

"Siyo huo!" kaka akapiga kelele kutoka chini. "Wazee, siyo huo, ni ule mliouacha nyuma!"

Mwenyekiti hakugeuka. "Mdomo hauonyeshi mpaka," akasema.

Kaka alikuwa anasema kweli, labda kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Nikageuka ili anione vizuri, nikauwekea na mkono wa pili.