Slaida ya Nane

Usiniambie eti nilikuwa nimechoka kwa kunyonyesha. Baba Shiko amenieleza hivyo mpaka nimemchoka yeye. Niliona kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka, hapa Mountain View, kwenye chumba cha nyuma tulichokigeuza studio ya kurekodi kwaya.

Tulikuwa na kinanda cha mtumba chenye slaida nane, vile vitufe vya kusogeza juu na chini. Kwenye kompyuta unachagua sauti ya mtu, unasogeza slaida moja, basi vimejuana. Tangu hapo ukishusha slaida ile, sauti ile nayo inashuka. Ukimaliza kuunganisha, unafunga, la sivyo slaida isiyo na mtu itashika sauti yoyote. Kila mtu anafunga! Mume wangu aliacha wazi akaenda Westlands kumtafuta mpiga gitaa. Slaida saba zilikuwa na wenyewe. Ya nane haikuwa na mtu.

Hodi. Mama mmoja, amevaa koti la mvua, na nje hakuna hata wingu.

"Mama Shiko, sasa? Nimekuja kujaribu sauti."

Jina langu alilijuaje? Nikadhani ni wa kwaya, nikamkaribisha. Akasimama kwenye maikrofoni akaimba. Niamini, nywele zilinisimama. Lakini kwenye skrini, ule mstari wa kijani unaoruka mtu hata akikohoa ulikuwa umelala. Maikrofoni imewashwa. Mimi namsikia, mashine haimsikii.

Shiko wangu, hata kukaa hajajua, akaanza kulia kwenye kitanda chake pale kona ya studio.

"Huyu ndiye ana sauti," yule mama akasema. "Na hii slaida ni ya nani?"

"Haina mtu. Wee, usiguse!"

Akaishusha, macho kwa mtoto wangu.

Kilio kikakatika. Na Shiko bado analia! Mdomo wazi, machozi, miguu inapiga blanketi. Kimya. Wewe ungefanya nini? Niliirukia ile slaida nikaipandisha mpaka juu. Kilio kikarudi. Kugeuka, mlango umefungwa kwa komeo la ndani na yule mama hayuko.

Nikaibana slaida juu kwa selotepu, nikaitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Nikamwambia Baba Shiko, hiki kinanda hakitoki hapa.

"Ai, mama, si ni plastiki tu!" Akacheka. Siku niliyompeleka mtoto kliniki, akakiuza. Kwa kijana fulani huko mjini, hata jina hakumuuliza!

Sasa Shiko yuko nasari, anaongea kama redio. Halafu siku nyingine, katikati ya neno, midomo inaenda na hakuna kitu. Daktari amechungulia koo, anasema ni zima. Juzi aliungua na chai jikoni. Mimi nilikuwa sebuleni, mlango wazi. Nilimkuta amelia mpaka amechoka.

Wewe uliyenunua kinanda chenye alama nyekundu, sikutafutii ugomvi. Usibandue ile selotepu. Na kama umeshaibandua, wacha wimbo wako kwanza. Ipandishe juu kabisa, uondoe mkono. Mtoto wangu anaweza kuwa ananiita saa hii.