Mizizi ya Mjomba Inoke

Waisale alikuwa mnunuzi wa kampuni moja ya mjini Suva inayosaga mizizi ya yakona kuwa unga wa kinywaji na kuuza Australia. Kwa miaka mingi alisifiwa kwa jambo moja tu: kubana bei. Mkulima akitaja yake, Waisale alikohoa, akatazama saa, kisha akataka mizizi na mashina pamoja, vyote kwa bei ya mashina. Wateja wa Brisbane wakaanza kurudisha mizigo wakisema wameuziwa vumbi la kuni. Walisema kweli, na Waisale alianza kuona aibu kujitambulisha kwa kazi yake.

Ndipo akamwendea mkurugenzi, Bwana Hollis, Mwaustralia ambaye yakona yenyewe hakuinywa.

"Bosi, tuache kununua cha rahisi, tununue kizuri. Mizizi mitupu, iliyokomaa. Wakulima tuwaahidi bei ya maana, waiache ardhini."

"Watangoja? Watu wenyewe wana njaa ya hela."

"Kadavu watangoja. Kule kisiwani kwa mama yangu."

Hollis akapenda. Alipenda mno, hata akawa analitamka neno "thamani" katika kila kikao kana kwamba amelizaa yeye. Waisale akapanda meli kwenda Kadavu na jino la nyangumi, maana ahadi nzito haipelekwi mikono mitupu. Akaketi mbele ya Mjomba Inoke, kaka wa mama yake, akaeleza faida yote ya kungoja, akalitoa jino kwa jina la kampuni. Mjomba akalipokea, wazee wakapiga makofi, yakona ikaachwa ardhini. Waisale akarudi Suva kifua mbele. Kumbe najua kushawishi watu, alijiambia.

Mizizi ilipokomaa, Hollis alikuwa na wanahisa wapya wa kuwafurahisha.

"Kuna mtu kisiwa cha Vanua Levu anatuuzia mchanganyiko wa mizizi na mashina kwa nusu ya bei," alisema.

"Mchanganyiko ndio uliotuharibia jina, bosi."

"Thamani ni kile mteja anachokubali kulipia. Sasa hivi analipia mchanganyiko."

"Lakini tuliahidi. Nilitoa jino!"

"Gharama ya jino si tulikurudishia?"

Waisale alitamani kumzaba kibao. Badala yake akasema, "Ndiyo, bosi," na alijichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia Hollis.

Alitafuta jino jingine kwa fedha zake, akaenda Kadavu kuomba radhi. Ufukweni alimkuta Unaisi, binti wa Mjomba. Watoto wa kaka na dada kule ni watani, hakuna anayemkasirikia mwenzake.

"Karibu, bwana thamani! Mashavu hayo umeyanunua kwa jumla?"

"Na wewe unesi umemaliza, au bado unawachoma sindano nguruwe?"

Unaisi alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Unesi gani? Niliacha ulipokuja na jino lako. Ada ilikuwa itoke kwenye yakona. Yakona ikaambiwa ingoje, nami nikangoja nayo. Twende, baba yuko ndani."

Waisale alimfuata. Ndani aliketi mkekani, akaliweka jino mbele ya Mjomba Inoke, akaeleza yote bila kujitetea.

"Nisameheni, Mjomba. Mimi ndiye niliyewashawishi."

"Nani alishawishiwa?"

"Ninyi. Nilipowaeleza ile faida."

"Mpwa wangu, yale maneno yako sikuyaelewa hata nusu. Wewe ni mtoto wa dada yetu. Mtoto wa dada akitaka nguruwe wangu, anachukua. Akitaka mtumbwi, anachukua. Uliitaka yakona isubiri, ikasubiri. Angekuja mtu mwingine na porojo zile, tungemfukuza kabla hajamaliza."

Waisale alihisi uso ukimwaka. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni, alipokuwa akibeba kuku wa mjomba huyu huyu mbele ya macho yake na watu wakicheka tu. Ila alipovaa shati la kampuni alidhani ni kampuni inayozungumza, wala hakukumbuka kwamba mkekani pale alikuwa ameketi mpwa.

"Mngeniambia basi! Mngesema mna shida ya ada!"

"Nani amwambie mpwa hapana?" Mjomba alilisukuma jino likarudi magotini kwa Waisale. "Chukua jino lako. Hakuna cha kusamehe. Kilikuwa chako, umekichukua."

Unaisi akaleta samaki wa tui na magimbi, akaweka mbele ya mgeni. Safari hii hakumtania. Waisale alikula, wenyeji wakimtazama.

Alipomaliza, Mjomba Inoke alimuuliza, kwa upole uliomchoma kuliko tusi, "Kuna kingine unachotaka?"