Kaikap wa Umoja

Miaka ya tisini, pale Umoja, uraibu wangu ulikuwa kutambua sarafu kuukuu nilizozikuta katika mifuko ya makoti ya mitumba. Moja ilinitesa mwezi mzima. Kando ya kichwa cha mwanamume paliandikwa KAICAP. Kaka yangu alicheka: “Kaikap! Hicho ni kifungo cha koti.”

Jioni moja nikakuta herufi za Kigiriki nyuma ya kamusi: C ya kale husomwa S, na P ni R. Nikasoma upya, nikaruka. Kaisar! Kaisari yule yule wa Biblia ya mama, mtawala wa Roma, kiganjani mwangu!

Kaka akanyoosha mkono aishike. Nikaifumbata.

“Vifungo viko kwa fundi wa nguo,” nikamwambia.