Nilivyotawazwa mtemi wa lambo kwa kukojoa damu

Wakuu, naanza na ujinga wangu kabla ujasiri haujaniisha: nikiwa darasa la saba nilikojoa damu, nikaita watu waje kuona.

Sitanii. Mashahidi bado wapo kijijini kwetu Mhunze, wana wajukuu sasa, waulizeni.

Ni miaka ya themanini mwanzoni. Wavulana tulichunga na kuogelea kwenye lambo, bwawa hilohilo wanakonyweshwa ng'ombe. Kwetu ilijulikana hivi: mkojo ukigeuka mwekundu, umekua. Mwanaume kamili!

Ambaye wake haujageuka alikuwa mtoto, kazi yake kurudisha ndama.

Siku yangu ilipofika nilichagua jiwe jeupe, ionekane vizuri. (Nilikuwa mtu wa maonyesho tangu zamani.)

"Leo tumepata mtemi!" akapiga kelele Masanja, mbabe wetu. Wakanivika taji la nyasi. Nikatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Utawala wenyewe haukudumu.

Mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo za mchakamchaka kila asubuhi, niko mbele ya shule nzima. Hiyo nafasi nisingeiuza kwa ng'ombe. Ghafla pumzi zikawa zinakata kwenye kona ya ghala la pamba. Nakaa chini, watoto wa darasa la nne wananiruka.

Masanja akachukua nafasi yangu. Tena akatunga wimbo wa kunisema!

Ndipo akaja Bwana Afya. Akatuambia kile ni kichocho, tunakichota wenyewe lamboni kwenye konokono, akatoa vidonge vya kukitibu. Darasa likagawanyika.

"Vile vidonge vinamkausha mwanaume," Masanja akaonya. "Ukimeza, kesho unabeba kuni kichwani."

"Mimi nimeshakauka," nikamjibu. "Mtemi gani anapitwa na darasa la nne?"

Walicheka mpaka Bwana Afya akageukia ubao kuficha meno.

Nikameza vyote mbele yao, vichungu balaa, nikaachama wakague.

Wakuu, nilirudi taratibu. Mkojo ukatakata, miguu ikakumbuka kazi yake. Asubuhi moja nikaipita ile kona naimba, nikampita na Masanja, anahema kama fahali aliyekokota plau kutwa nzima. Nikageuka, shule nzima inasikia:

"Shikamoo, mtemi!"

Kesho yake foleni ya zahanati ilijaa wavulana. Wa kwanza? Masanja, anatazama pembeni kama aliyesindikiza mgonjwa.

Nilichojifunza: mwili ukikupa ishara, usiitafutie sifa, itafutie dawa. Haya, na kwenu uanaume wa kijinga ulikuwa upi? Mwageni hapa, msione aibu, mimi nimeshaanza.

Ah, na mama. Jioni ile ya vidonge nilimsimulia yote, hadi taji. Alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko ndani ya chungu, akanitazama juu hadi chini:

"Kama uanaume ni kutoka damu, basi mimi ni mwanaume tangu usichana wangu, na hakuna aliyenivika hata unyasi mmoja. Haya mtemi, kalete kuni."