Chupa ya Mabega Mapana

Katika miaka yangu yote ya kusimama kaunta, chupa niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya pembe nne. Ilikuwa ya wiski ya Kimarekani, ile ya mahindi ambayo wageni waliiita bourbon. Ilikuwa na mabega mapana yaliyonyooka kama ya mwanajeshi, shingo fupi, na kizibo chenye kichwa cha mbao kilichojaa vizuri kiganjani. Ukiipanga rafuni inakaa. Unaweka nyingine ubavuni mwake, na nyingine, na hakuna nafasi inayopotea kati yao.

Chupa za duara zina uzuri wake, lakini lori likipita barabarani zinagongana. Kulikuwa na moja bapa, imebonyea tumboni ili iingie mfuko wa koti. Hiyo ilianguka mara mbili wiki ya kwanza tu. Nyingine ilikuwa na shingo ndefu kama ya korongo, haikuingia kabatini mpaka tulipotoa ubao mmoja. Mimi binti wa mzee wa kanisa kutoka Machame, ambaye sijawahi kuonja kilichomo ndani, nilizijua chupa hizo kama mama yangu anavyozijua ndizi zake. Nilijua kwamba wiski husimamishwa, hailazwi kama divai, kwa sababu ukali wake unakula kizibo. Nilijua kwamba jua la saa tisa linalopenya dirisha la magharibi linaichujua rangi, na kwamba chupa iliyobaki robo inapoteza harufu, hivyo heri kuihamishia kwenye chupa ndogo.

Kila chupa mpya ilipofika, niliigeuza na kukwaruza alama kwenye kitako kwa ncha ya msumari wa zege: mistari miwili iliyokatana na nukta pembeni. Ilikuwa alama yangu, ili asitokee mtu wa kuingiza chupa yake ya mtaani kwenye rafu yangu.

Nilipopata kazi hiyo, katika hoteli ya wageni wanaopanda mlima pale Moshi mjini, baba aliacha kuzungumza nami tangu Pasaka hadi mavuno ya kahawa. Aliyenitetea alikuwa baba mdogo. Alikuja nyumbani, akakaa, akakataa hata chai, akamwambia kaka yake, "Binti yetu hanywi, anamimina. Mchungaji naye anamimina divai kila Meza ya Bwana, na hatujamfukuza." Mama aligeukia jikoni ili asionekane akicheka. Baba alipofariki, baba mdogo ndiye aliyebaki kuwa baba yangu. Alikuwa na kahawa yake, migomba, na ng'ombe mmoja mkorofi aliyekubali kukamuliwa na yeye peke yake.

Chupa tupu zilitakiwa kuvunjwa. Hiyo ilikuwa sheria ya hoteli, imeandikwa ukutani stoo, na mimi niliivunja sheria badala ya chupa. Nilishindwa. Ningechukuaje nyundo nikaipige ile ya pembe nne? Mtaa wa Pasua, hapo mjini, nilipopanga chumba, jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeuza asali kutoka Sanya Juu. Siku moja aliona chupa niliyoiweka dirishani na ua la karatasi ndani.

"Mwanangu," akasema, "asali yangu naiuza kwenye chupa za maji, inaonekana kama dawa ya mifugo. Ningepata za namna hii!"

Nikaanza kumletea. Sikumwuzia. Alinipa asali, nami nilitembea kifua mbele, kwamba nimeziokoa. Baadaye akaniomba nimletee na vizibo vyake. Kisha akaomba nisizikwangue lebo, na kama kuna maboksi, niyalete pia. Nilileta. Niliona ni mama anayependa vitu vizuri kama mimi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Krismasi, nikiwa najiandaa kupanda Machame kama kila Mchagga anavyofanya Desemba, nilipita duka moja mjini kutafuta zawadi ya baba mdogo. Yeye ni mtu wa mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini mara moja kwa mwaka alipenda kitu kikali, kidogo, baada ya ibada ya Krismasi. Pale juu ya rafu, kati ya chupa za duara, ilikuwa imesimama ile yangu ya mabega mapana. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia. Niliishika. Plastiki iliyozunguka shingo ilikuwa imelegea kidogo. Niliiona, na sitasema kwamba sikuiona. Nikajiambia ni joto la Moshi. Kitako sikukigeuza. Nilikuwa likizo, na wiski ile haikuwa ya kaunta yangu.

Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili. "Hii chupa," alisema, "hata ikiisha nitaiweka sebuleni." Siku ya Krismasi tulitoka kanisani, tukala mtori na nyama, wengine wakazungusha kata ya mbege, na yeye akajimiminia wiski yake kwenye glasi ya chai, nusu. Baadaye akaongeza nyingine. Hakumpa mtu. "Ya mwanangu," aliwaambia, "kila mtu na anywe ya mwanawe." Akaimba tenzi, akalala mapema akiwa na furaha.

Asubuhi iliyofuata anga ilikuwa safi. Mlima ulikuwa wazi wote, theluji inaumiza macho. Nilikuwa uani nikiosha masufuria nilipomwona ametoka, amesimama mlangoni na mkono mmoja kwenye fremu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbona leo ukungu umeshuka hivi? Umeingia mpaka ndani ya nyumba."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Akapiga hatua moja akakanyaga sufuria nililoliweka mbele yake, kubwa, jeupe, linalong'aa kwa jua. Hakuwa ameliona. Alisimama, mguu mmoja ndani ya maji, akauliza polepole, "Ni nani ameweka kitu hapa?" Kisha akainama akatapika.

Nakumbuka nilikuwa nimeshika sponji, na sponji ilikuwa inadondosha povu kwenye sketi yangu, nami siwezi kuiachia. Binamu yangu, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyepiga kelele na kuleta gari.

Hospitalini daktari, dada mdogo kuliko mimi, alimmulika machoni na tochi. Akamwuliza anaona nini. "Maziwa," baba mdogo akajibu. "Naona maziwa tu."

Daktari akanigeukia. "Amekunywa nini?"

"Wiski. Lakini ya dukani, daktari. Ilikuwa imefungwa."

"Iko wapi?"

Binamu yangu alirudi nyumbani kuileta. Alinikabidhi ikiwa kwenye mfuko wa sukari. Niliitoa, na mikono yangu ikafanya ilichozoea kufanya: ikaifuta, ikaigeuza juu chini.

Mistari miwili iliyokatana. Nukta pembeni.

Daktari alinisemesha, nikaona midomo yake inasogea. Nilipitisha kidole juu ya ile alama nikitumaini ni mkwaruzo wa kawaida, wa meza, wa saruji. Lakini mtu hasahau mwandiko wake. Chupa hii ilisimama kwenye rafu yangu. Niliimimina mimi mpaka ikaisha, nikaibeba mimi kwenye mkoba hadi Pasua, kisha nikainunua tena mimi mwenyewe, nikampelekea baba yangu.

"Dada," daktari alisema mara ya pili au ya tatu, "nipe hiyo chupa." Alinusa, akaifunga. Akanieleza kwamba si wiski, pengine imechanganywa na spiriti ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi, na kwamba ikishaingia mwilini hugeuka sumu inayoshambulia mishipa ya macho. Inabidi damu isafishwe kwa mashine. "Mmemleta mapema," alisema. "Kuhusu uhai nina matumaini. Kuhusu macho sitawadanganya."

Waliisafisha damu yake. Akaishi. Siku ya tatu, alipokuwa ameanza kunywa uji, nilimwacha mama kando ya kitanda nikashuka Pasua.

Jirani yangu alikuwa uani, ameinamia beseni la bluu, anaosha chupa. Zilikuwa zimepangwa kwenye gunia, zinakaushwa na jua, na kwa ile tabia yangu mbovu jicho langu lilizikagua moja moja: ya duara, bapa, ya shingo ndefu. Zangu.

"Karibu mwanangu. Krismasi ilikuwaje huko juu?"

"Shikamoo mama." Salamu ilitoka yenyewe. "Baba yangu mdogo amepofuka."

Aliinuka, maji yanachuruzika viwikoni. "Mungu wangu! Pole. Kapatwa na nini?"

"Kanywa kwenye chupa niliyokupa."

Nilitarajia kwamba angekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, maneno yangu yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayekana. Yeye akavuta kigoda akakaa.

"Mimi naosha tu," alisema. "Kuna mwanaume anakuja na pikapu anazichukua. Sijui anazijaza wapi, sijui anazijaza nini. Aliniambia ni gongo iliyotiwa rangi, na gongo watu wanakunywa kila siku."

"Uliniambia ni za asali!"

"Za mwanzo zilikuwa za asali." Akanitazama usoni, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, alikuwa kama anayenieleza bei ya nyanya. "Lakini mwanangu, asali inahitaji lebo ya wiski? Asali inahitaji boksi lake? Ulipokuwa unaniletea maboksi, ulidhani nayafanyia nini? Hukuniuliza hata siku moja."

Maneno hayo yalinipiga kuliko ile alama hospitalini. Kwa sababu hakuwa amesema uongo. Nilitafuta kichwani siku niliyomwuliza, nikatafuta kweli, nikiwa nimesimama pale juani, na sikuipata. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba chupa hazivunjwi.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi na kusema yote, pamoja na yangu. Walikuja kuchukua magunia, wakamchukua na yeye. Alipopita mbele yangu alisema, "Mtilie chumvi kidogo kwenye uji wake, asitapike," na mpaka leo sijui la kufanya na maneno hayo. Duka lile lilifungwa. Mwenye pikapu hajaonekana.

Kisha nikamfuata meneja wa hoteli stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama lile tangazo la ukutani, akaniambia niandike kila kitu kwa mkono wangu. Nilidhani nimefukuzwa. Nilihamishiwa chumba cha mashuka, na huko ndiko niliko hadi leo. Aliyeshika kaunta sasa ana nyundo, na siku nyingine nikiwa nakunja mashuka namsikia akifanya kazi. Ule mlio unanishtua kila mara, ingawa nautaka.

Macho ya baba mdogo yalirudi kwa vipande. Kwanza akaona mwanga wa dirisha, kisha pembeni mwa vitu. Katikati hapakurudi. Akikutazama sawasawa huonekani. Lazima atazame kando yako, juu ya bega lako, ndipo akupate kidogo.

Ndugu wote walijua kuhusu chupa ile kabla hajatoka hospitalini, ila yeye. Mama aliniambia, "Hili haliombewi radhi kwa mdomo mtupu." Akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akakata jani la isale, ambalo kwetu aliyekosa humpelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kulikataa. Nililishika kwa mikono miwili kama baba mdogo alivyopokea zawadi yangu, nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamweleza: kaunta, msumari, Pasua, asali, maboksi. Sikuruka kitu. Ilinichukua muda mrefu, na yeye alikuwa ametazama ukutani, kumbe alikuwa ananitazama mimi.

Aliponyoosha mkono alilikosa jani, akashika hewa. Mara ya pili akalipata. Akalipapasa kutoka shinani hadi nchani.

"Umeniletea isale kama mtu wa ukoo mwingine," alisema.

"Nimekukosea, baba."

"Umenikosea. Nimelipokea." Akaliweka mapajani. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa hasira, hata kwa kimya kama kile cha baba, lakini yeye aliuliza jambo jingine. "Sasa niambie uso wako ukoje. Nikikutazama naona masikio na nywele tu. Kati hapo hakuna mtu."

Nilimwambia nimenenepa mashavu, na kwamba nimeota kipele kidevuni.

"Kwa sababu ya asali," akasema, na akacheka, yeye peke yake. Kisha akainuka, akatafuta ukuta kwa kiganja, akanitangulia kwenda bandani, kwa sababu ng'ombe alikuwa hajakamuliwa, naye baba mdogo alitaka anifundishe mahali pa kuegemeza kichwa ili yule mkorofi asinipige teke.